Shanta lisilo na lebo: kusoma picha na vifaa vya makomandoo wa SOG

Vita vya Vietnam viliacha vitu vingi mikononi mwa wakusanyaji, lakini vile vya SOG ndivyo vigumu kuliko vyote, na ndivyo nilivyovichagua. SOG kilikuwa kikosi cha siri cha Marekani kilichoundwa Januari 1964 na kuvunjwa 1972. Kwenye makaratasi kiliitwa kundi la tafiti na uchunguzi. Kazi yake halisi ilikuwa kuvuka mpaka kuingia Laos na Kambodia, kuipeleleza njia ya Ho Chi Minh ambayo Vietnam Kaskazini iliitumia kulisha vita, katika nchi ambazo Marekani ilikana kuwa na askari wa miguu. Timu moja ya upelelezi ilikuwa na Wamarekani wawili au watatu, pamoja na wenyeji kama sita hadi tisa: watu wa makabila ya milimani wanaojulikana kama Wamontagnard, Wanung wenye asili ya Uchina, Wavietnam au Wakambodia.

Kwa kuwa safari zenyewe zilikanwa, na vifaa vilitayarishwa viweze kukanwa. Askari aliacha kambini kitambulisho chake na vile vibati vya shingoni vyenye jina. Sare haikuwa na cheo wala nembo, na shanta halikuonyesha lilikoshonwa. Adui akiokota maiti au mzigo, asipate karatasi ya kuionyesha dunia.

Hapo ndipo ugumu wetu unapoanzia. Anayekusanya sare za kawaida husoma lebo. Kwenye vitu vya SOG lebo haipo, na kutokuwepo kwake ndiko muuzaji anakokuita ushahidi. Mtu yeyote mwenye wembe anaweza kuondoa lebo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauambia kila anayeanza: nunua picha kabla ya kifaa, na ukikuta picha na kifaa vilivyotoka kwenye sanduku la mtu mmoja, usivitenganishe hata ukiahidiwa bei mara mbili. Vitu hivi viliundwa visiseme lolote, na picha ndiyo inayovisemea.

Picha zenyewe zilipatikana vipi ikiwa kila kitu kilikuwa siri? Timu zilipewa kamera ndogo ya Olympus Pen EE. Kamera hii hugawa fremu moja ya filamu mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa picha 72, na kipima mwanga chake hakihitaji betri, jambo lenye thamani kubwa kwenye msitu wenye unyevu. Lakini mikanda ya safarini ilikabidhiwa kwa maofisa wa upelelezi mara timu iliporudi. Zilizobaki na askari ni zile walizopiga wenyewe kwa kamera zao za Kijapani walizonunua kwenye maduka ya kambi: wakisubiri helikopta, wakishuka wamechafuka, wakila, wakioga, wamesimama mbele ya magunia ya mchanga. Walikuwa wameweka saini ya kunyamaza kwa miaka 20, na kikosi kilitunukiwa tuzo ya Rais kwa vikosi (Presidential Unit Citation) mwaka 2001 tu. Ndiyo maana albamu nyingi zilikaa kabatini muda mrefu, na nyingine zinafunguliwa leo na watoto au wajukuu.

Nikipata picha naanza na nyuma yake. Picha za rangi za miaka ile mara nyingi zina mwezi na mwaka uliopigwa chapa ukingoni, na slaidi za Kodak zina tarehe kwenye fremu ya karatasi. Kumbuka hiyo ni tarehe ya kusafisha filamu, siyo ya kupiga. Mkanda uliweza kukaa mfukoni miezi. Karatasi nayo ina umri wake. Karatasi ya rangi iliyopakwa plastiki ilitolewa na Kodak mwaka 1968, na ile ya nyeusi na nyeupe mwaka 1972. Kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya plastiki, inayodaiwa kusafishwa 1967, ni nakala ya baadaye. Huenda picha ni ya kweli, ila karatasi hiyo haikuwepo Vietnam mwaka huo, na bei ya picha asili haiistahili. Rangi pia husaidia. Filamu ya slaidi ya Kodachrome iliyofichwa gizani hubaki na rangi zake vizuri mno, wakati picha nyingi za kuchapwa za miaka ile zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufa.

Kisha naangalia kama slaidi imegeuzwa. Inatokea sana. Kwenye bunduki ya M16 na ile fupi ya CAR-15, tundu la kutolea maganda liko upande wa kulia. Ukiliona kushoto, picha imesomwa kwa nyuma, na hitimisho lote kuhusu nani alibeba nini upande gani linakuwa batili.

Baada ya hapo natazama kiuno. Hapa ndipo picha inapolipa. Wapelelezi wa SOG hawakubeba risasi kama askari wa kawaida. Walitaka nyingi, karibu na mkono, bila kelele. Wengi walivaa mkanda wa turubai uliotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya BAR, muundo wa mwaka 1937, kwa kuwa mifuko yake inameza magazini kadhaa za risasi 20. Wengine walijaza magazini kwenye mifuko ya chupa za maji. Bila picha, mfuko wa chupa ya maji ni mfuko wa chupa ya maji, unauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ukiwa na picha ya mwenyewe akiwa ameuvaa, na doa lilelile la rangi kwenye kifuniko, una kitu ambacho makumbusho yatakiheshimu.

Helikopta iliyo nyuma yao nayo ni shahidi. H-34 nzee yenye pua nene, iliyorushwa na marubani Wavietnam waliojulikana kwa jina la Kingbee, huashiria kwa nguvu kwamba uko kwenye mazingira ya SOG.

Sasa shanta. Ofisi moja ya ugavi wa siri iliyokuwa Okinawa, CISO, iliagiza vifaa vingi vya kikosi hiki kwa watengenezaji wa Asia. Shanta lao maarufu la turubai la kijani-kijivu liliigwa kutoka kwa lile la jeshi la Vietnam Kaskazini. Dogo, jepesi, lenye mifuko ya nje, likimkaa vizuri mtu mwenye umbo dogo. Kisu chao cha kwanza kilifuliwa Japani na kilikuwa na namba tu, bila jina la nchi. Saa za Seiko pia zilinunuliwa kwa njia hiyo. Namba ya nyuma ya Seiko hueleza umri: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Inayoanza na 93 ni ya Machi 1969, au Machi 1979, na modeli ndiyo itakayoamua. Lakini saa hizi hazikuchorwa alama yoyote ya jeshi, hivyo Seiko ya modeli sahihi na ya mwezi sahihi inathibitisha tu kwamba ni Seiko ya wakati ule. Nataka kuiona mkononi mwa mtu kwenye picha.

Kombati za mistari ya chui hazikuwa sare rasmi ya Marekani. Zilishonwa na mafundi wa Vietnam, Thailand na Okinawa, na ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana kabisa. Baadhi zina muhuri wa saizi wenye herufi A kwa maumbo ya Kiasia na US kwa ya Kimarekani. Wakusanyaji hukimbilia US kwa sababu wanaweza kuzivaa. Mimi nazipenda zaidi za A. Hizo ndizo zilizovaliwa na wengi wa timu.

Kuhusu lebo iliyokatwa, kuna kipimo ninachokiamini. Kama ilikatwa kabla ya nguo kutumika, kitambaa pale kimepauka sawa na pembeni yake. Kama ilikatwa juzi ili kudanganya, utaona mstatili uliokolea rangi, umepigwa matundu mapya ya sindano. Hali ni hiyohiyo kwa mashati ya kijani ambayo baadhi ya watu wa SOG waliyapulizia rangi nyeusi. Kwenye shati la kweli rangi imelika kwenye viwiko na mikunjo, nyuzi za kijani zikichungulia. Kwenye la uongo rangi imeingia ndani ya nyuzi zilizokwisha chakaa na kwenye kingo za matundu, yaani shati lilichakaa kwanza, rangi ikaja baadaye.

Na kama lebo ipo, isome. Namba ya mkataba inayoanza na DSA 100-68 ni ya mwaka wa fedha 1968. Namba ya bohari yenye tarakimu 11 ni ya wakati wa vita. Yenye 13 ilianza mwaka 1974, baada ya kikosi kuvunjwa. Ukijua hilo tu utaokoa fedha nyingi.

Kuna kifaa kimoja ninachokitafuta kuliko kisu: mikanda ya STABO. Timu ikizingirwa mahali ambapo helikopta haiwezi kutua, kamba zilishushwa na watu wakanyanyuliwa wakining'inia. Kabla yake kulikuwa na kitanzi cha McGuire, ambacho mtu alikikalia. Aliyejeruhiwa au kuzimia aliweza kuchomoka na kuanguka. STABO ilivaliwa mwilini tangu asubuhi, mikanda ya miguu ikiwa imekunjwa nyuma, na mikono ikabaki huru kufyatua risasi. Tafuta mikanda hiyo ya nyuma kwenye picha, huonekana kama fundo chini ya shanta.

Wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda, tahadhari. Sheria zetu ni kali kwa raia wenye sare za kijeshi au zinazofanana nazo. Mnakumbuka Agosti 2023, jeshi la Tanzania, JWTZ, lilipotoa siku saba watu wasalimishe sare hizo. Mimi naishi Ujerumani, na kombati zangu haziji nyumbani likizo. Kwa aliye Dar au Mombasa, kusanya picha. Ziweke kwenye mifuko ya polipropilini, usitumie ile laini ya PVC inayonuka, maana huitafuna picha. Joto na chumvi ya pwani huotesha ukungu, kwa hiyo chombo kinachofunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu ni lazima. Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, wala usibandike kwa gundi. Na turubai usilifue. Udongo mwekundu wa Kontum, mji wa Vietnam walikokuwa na kambi, ni sehemu ya ushahidi.

Limebaki jambo ninalolionea uchungu. Nyuma ya picha nyingi kuna majina ya Wamarekani wawili, halafu neno moja tu kwa wengine wote. Wale sita waliotangulia mbele njiani, waliojua harufu ya adui, wameandikwa kama kundi. Mwaka 1986 Wamontagnard takriban 200 walihamia North Carolina, na wengine wakafuata. Wazee wao bado wanaweza kutambua nyuso. Kila picha yenye wenyeji ninayoipata naisoma kwa skana, napeleka nakala huko, na naomba jina, kabila na kijiji. Majibu mengine huchukua miezi. Mengine yanakuja na jina la mtoto wa marehemu ambaye hakuwahi kuona sura ya baba yake kijana, na huyo hupewa nakala ya kuchapwa bila malipo.

Vivyo hivyo kwa Wamarekani wasiorudi. Makumi ya watu wa SOG hawajapatikana hadi leo, wengi wao Laos. Picha yenye mmoja wao haipaswi kupigwa mnada kabla familia haijapata nakala. Kama unayo albamu ya aina hii, nipigie picha kurasa zake kabla hujatoa hata picha moja, mbele na nyuma, kwa mpangilio uleule ulioukuta, kisha nitumie. Nitakusomea bure.