Sala ya kimya: mawazo siyo shida kubwa, shida ni yule anayejiangalia

Naongoza mafungo ya sala ya kimya mwaka wa 12 sasa, na swali ninaloulizwa kila mara, na walei na hata masista, ni hili: nifanyeje ili mawazo yaishe? Jamani, mawazo hayaishi. Unakaa dakika mbili tu unakumbuka ada ya mtoto, unakumbuka geti hukufunga, unakumbuka maneno ya wifi yako ya mwaka juzi unaanza kumjibu leo. Hayo yana dawa yake, tena ya zamani sana.

Mwishoni mwa karne ya 4 mmonaki Yohane Kasiani na rafiki yake Germanus walienda jangwani Misri kuwauliza wazee namna ya kusali. Mmoja wa wazee hao, Abba Isaka, akawapa mstari mmoja tu, ule wa mwanzo wa Zaburi ya 70, wa kumwomba Mungu aje kusaidia hima, akawaambia wakae nao wakiurudiarudia, wakila, wakienda kulala, wakiwa na hasira, wakiwa na furaha, popote. Kama umewahi kusali Masifu, ile sala ya asubuhi ya zaburi, na wamonaki wa Ndanda au Peramiho basi huo mstari unaujua, ndo unaofungua sala mpaka leo, ila wengi tunaupita mbio. Na kwa nini mstari mmoja? Isaka anasema akili inakubali kuwa maskini, inaacha utajiri wote wa mawazo yake inabaki na hicho kidogo, na hapo anawataja wale heri maskini wa roho. Mimi hapa huwa nasimama kabisa, maana tumezoea kufikiri umaskini wa roho ni habari ya tabia tu, kumbe unaanzia hapo ulipokaa, kila ukiacha wazo zuri lililokuwa lako ukarudi kwenye mstari.

Kwa hiyo kaa dakika 20, kiti au mkeka sawa tu, mgongo wima, simu weka alamu halafu iweke mbali. Ukigundua umepotea, rudi kwenye mstari. Usijigombeze, maana kujigombeza nako ni kujishughulikia mwenyewe.

Sasa kuna kitu kigumu kuliko mawazo. Kasiani anamnukuu Mtakatifu Antoni Abati, mmonaki wa zamani wa jangwa hilohilo la Misri, kwamba sala haijakamilika kama mmonaki bado anajitambua, au anatambua kuwa anasali. Hili lilinichukua miaka kulielewa. Nilikuwa na daftari, kila siku baada ya kimya naandika leo nimetulia, leo hovyo, leo nimeguswa sana, yaani najipa maksi kama mwalimu. Nikamwonyesha mzee mmoja mmonaki aliyekuwa ananielekeza, akafunua kurasa mbili tatu akaniuliza, "Hizi maksi unamsahihishia nani mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nakaa mbele za Mungu huku nimejigeukia mwenyewe, na ile "mimi" niliyodhani naiachilia ndo ilikuwa imeshika kalamu.

Daftari niliacha. Huyo mwangalizi wa ndani, yule anayejiangalia, humfukuzi kwa nguvu, ukimfukuza anageuka kuwa mwangalizi wa kufukuza, unamwacha tu kama unavyoliacha wazo la geti. Kuna siku chache alamu inalia na hukuwa umelala ila hujui muda umepita vipi wala huna cha kusimulia. Mshukuru Mungu uinuke ukapike. Kesho yake usikae ili uipate tena hali ile, anza na mstari wako kama mtu anayeanza leo.