Mzee akizidiwa: hospitali au nyumbani? Maswali na majibu kwa familia za Mtwara na Lindi

Je, uzee ndio unaojaza wodi?
Si umri peke yake. Tafiti za nchi zenye wazee wengi zimeonyesha kuwa kulazwa huongezeka zaidi miezi ya mwisho ya uhai, mtu awe na miaka 65 au 90. Safari nyingine za hospitali ni za hofu tu.

Tumpeleke lini?
Kukiwa na kinachotibika: homa (apimwe malaria), mkojo kuziba, kuvunjika nyonga, maumivu yasiyotulia. Akichanganyikiwa ghafla msiseme ni uzee. Mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa. Bebeni dawa zake zote, hata za mitishamba. Mkipewa rufaa ya Dar es Salaam, takriban kilomita 560 kutoka Mtwara mjini, ulizeni kwanza: atapata nini kule ambacho Ligula au Sokoine (hospitali za rufaa za mikoa ya Mtwara na Lindi) hakipo?

Ana saratani, anaumia sana. Panadol inatosha?
Haitoshi. Ulizeni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa mahututi. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yapande. Dozi hupangwa na daktari. Mzee huanza na kidogo, mwenye figo dhaifu kidogo zaidi. Wengi huiogopa kuwa inaua, kumbe kero ya kila siku ni choo kigumu, hivyo itolewe na dawa ya kulainisha choo. Akilala asiamshike, au akipumua polepole mno, msimpe nyingine. Mjulisheni mhudumu mara moja.

Haamki tena kitandani.
Mgeuzeni kila baada ya saa 2. Msimburute, ngozi ya mzee huchanika: wawili washike kanga iliyotandikwa chini yake, wamwinue. Kagueni matako, nyonga na visigino. Alama isiyofifia ikibonyezwa (kwenye ngozi nyeusi huwa weusi uliokolea au joto) ni mwanzo wa kidonda, msiisugue. Wekeni mto chini ya miundi, visigino visiguse godoro.

Amekataa uji. Tumlazimishe?
Hapana. Mwili unaoelekea mwisho hupoteza hamu, na uji wa kulazimisha huweza kuingia mapafuni. Akitaka, mkalisheni, ameze kijiko kimoja ndipo mpe kingine. Asiyeamka asinyweshwe kitu, mloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji.

Nani aamue?
Mzee mwenyewe, angali anaongea. Muulizeni mapema, na watoto walioko mbali waambiwe jibu lake kabla hali haijabadilika.