Mnagombana ukumbini, mnapatana chumbani

"Sie hatugombani mbele ya watoto." Hii naisikia sana hapa Unguja na wanaosema wanaamini kabisa. Sasa mtoto wa miaka 14 anamuona baba karudi isha kapitiliza barazani mpaka usiku wa manane, mama kafunika chakula kwa kawa hasemi neno, afu yeye ndo anaambiwa "kamwambie babaako gesi imekwisha", na baba mwenyewe yupo chumba cha pili anasikia! Huyo kashafanywa tarishi. Patrick Davies na Mark Cummings, watafiti wa Marekani, waliandika tangu 1994 kwamba kinachomuumiza mtoto khasa ni kukosa hisia ya usalama nyumbani, na kununiana kunamuumiza pia, si makelele tu.

Na hapa ndo wengi tunapokosea jamani, ugomvi ukiisha kwa kupatana kweli na mtoto akaona, madhara yanapungua sana. Lakini sie tunagombana ukumbini tunasuluhishana chumbani, asubuhi mama na baba wanacheka na kijana hajui kimetokea nini, bado roho juu. Basi naye aone mmepatana, na kama mlimgombania yeye, ada ya skuli au simu, aambiwe wazi kuwa kosa si lake mana wengi hujibebesha.

Kuna na ile ya "tuvumiliane kwa ajili ya watoto". Inategemea. Utafiti wa Paul Amato na wenzake, 1995, ulionesha watoto wa ndoa zenye ugomvi mkali walikuja kuwa na hali nzuri zaidi wazee wao walipoachana, ila ndoa ikiwa na ugomvi mdogo talaka ndo iliwaumiza. Na mkiachana mkaendelea kuvutana kwa Kadhi juu ya matumizi, kwa mtoto hakijaisha kitu.

Linaloniuma zaidi ni "mwache azoee, atakomaa". Hazoei. Halali usiku, kichwa na tumbo vinamuuma, masomo yanashuka, wa kiume anahamia maskani wa kike anajifungia, afu tunasema ana kiburi. Kule Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955, na katika wale waliokulia kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walikua vizuri tu, na moja ya yaliyowasaidia ni kuwa na japo mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Kwetu huyo anaweza kuwa bibi, shangazi, ustadhi wa chuoni, wapo, ila wanaogopa kuambiwa wanaingilia nyumba za watu. Na kijana asiyekuwa na hata mmoja wa hao, apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.