Ufahamu unaishia wapi, uhakiki unaanzia wapi

Ufahamu ni kueleza habari inasema nini. Uhakiki ni kueleza imejengwaje, na kwa kujengwa hivyo inatuonyesha nini. Wanafunzi wengi huruka la kwanza na kukimbilia la pili. Wanataja dhamira tano za habari ambayo hawajaielewa.

Chukua aya hii fupi, nimeitunga kwa ajili ya zoezi:

"Mwezi ulikuwa mpevu na mwalo wa Kibirizi ulikuwa kimya. Mama aliingia dukani, akaomba kilo mbili za unga. Mwenye duka alimtazama, akachungulia angani, kisha akafungua daftari."

Mama aliomba nini? Unga. Jibu limeandikwa, unalinakili tu. Je, alilipa? Hapo hakuna sentensi inayojibu, lakini daftari la dukani kazi yake inajulikana: amekopeshwa. Swali zito ni hili: kwa nini mwenye duka aliangalia juu?

Kibirizi ni mwalo wa wavuvi huko Kigoma, na dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, maana mwanga huwavuta wakakusanyika. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Basi mwenye duka alikuwa anapiga hesabu ya siku atakayolipwa. Mtoto wa Kigoma atalijibu hilo bila kukuna kichwa. Mwenzake wa Sikonge, aliyekulia kwenye asali na tumbaku, huenda akakwama, wala si kwa sababu hana akili. Kuhitimisha kunataka vitu viwili: dalili iliyomo ndani ya habari, na ujuzi wa maisha unaoifungua dalili hiyo. Ujuzi peke yake hautoshi. Anayeandika kwamba mama huyu ni mjane amebuni, kwani hakuna neno lolote linalomwelekeza huko.

Sasa uhakiki. Dhamira ni jambo linalozungumziwa. Ujumbe ni funzo linalotokana nalo. Kuandika "umaskini" na kuweka nukta ni jibu dhaifu, hata kama si kosa. Afadhali useme dhamira ni kuaminiana kati ya watu wanaoishi kwa kutegemea ziwa, kisha uonyeshe ushahidi: anayekopesha anajua kipato cha mteja wake kinapotoka, na kinaporudi. Ujumbe wake waweza kuwa kwamba kumjua jirani ni dhamana.

Na fani, yaani ufundi wa kuijenga habari, je? Darasani tumezoea kuorodhesha: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Orodha hiyo inasaidia kukumbuka, ila mimi naona imewaharibia wengi, kwa sababu wanataja bila kusema kila kimoja kinafanya kazi gani. Mwezi katika aya ile si pambo la mandhari; ndio chanzo cha deni. Mwenye duka hatamki neno, anaonekana kwa vitendo vitatu tu. Angesema, "Chukua, utalipa giza likirudi," msomaji asingebakiwa na la kutafuta.

Jaribu kubadilisha neno moja: badala ya "akafungua daftari", andika "akafunga daftari". Mwezi ni uleule na unga ni uleule, lakini mama ameondoka mikono mitupu, na ile dhamira ya kuaminiana haina tena pa kusimama.