Mpira wa mkojo si tiba ya tezi dume

Malalamiko yanayotufikia hapa hospitalini siku hizi kutoka kwa familia za wazee ni ya aina moja: "Baba amewekewa mpira, mbona haponi?" Haponi kwa sababu mpira hautibu. Kazi yake ni kutoa mkojo tu, wakati mgonjwa anasubiri tiba yenyewe.

Hivi karibuni alikuja mzee kutoka upande wa Newala, amevaa msuli, mfuko wa mkojo ameufunga pajani kwa kipande cha kanga. Mpira aliwekewa mikorosho ikiwa na maua; anarudi kwetu minada imeshaanza. Tulipoutoa, ncha yake ilikuwa na gaga kama ndani ya birika la chai. Alikuwa anasubiri auze korosho kwanza. Tunaelewa, lakini mpira wa kawaida wa lateksi unatakiwa ubadilishwe ndani ya wiki 4, na wa silikoni hauzidi wiki 12. Tarehe huandikwa kwenye kadi. Isomwe.

Kuna pia hili la lugha. Kila mwanaume ana tezi dume. Kusema "mzee ana tezi dume" ni sawa na kusema ana ini. Ugonjwa ni kutanuka kwa tezi hiyo, inayozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, na kutanuka huku si saratani, ingawa vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja. Ndiyo maana tunapima damu (kipimo kiitwacho PSA) na kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo cha kidole hakifiki hata dakika moja, na hakijamwondolea mtu heshima. Busha nalo ni jambo jingine kabisa, hivyo kambi ya upasuaji wa mabusha haitakusaidia.

Asiyesumbuliwa sana hufuatiliwa tu, akipunguza chai na vinywaji vingine jioni. Dawa zipo za namna mbili. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache. Inaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo inuka kitandani taratibu, na kama unatarajia kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba umewahi kuitumia. Finasteridi hupunguza ukubwa wa tezi yenyewe, lakini huchukua hadi miezi 6. Anayeiacha baada ya mwezi mmoja akidai ni feki hajaitumia. Dawa hii pia hushusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo tutajie dawa zote unazomeza, pamoja na zile za mizizi. Anayeuza dawa za asili bila kusajiliwa anavunja Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Dawa zikishindwa, au mkojo ukiziba tena na tena, figo zikiathirika, au mawe yakijitokeza kwenye kibofu, ni upasuaji. Mara nyingi tezi hukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, bila kuchana tumbo; iliyo kubwa sana huenda ikatolewa kwa kufungua chini ya kitovu. Wazee huniuliza kwa kunong'ona kuhusu nguvu za kiume. Wengi hubaki nazo. Kinachobadilika mara nyingi ni shahawa kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, na hilo halina madhara, ila anayetaka mtoto aseme kabla.

Utaratibu sasa. Anza zahanati au kituo cha afya, upate barua ya rufaa. Mwenye bima aje na kadi na barua hiyo, kwa sababu bila barua bima inaweza kukataa kulipa na gharama zikabaki kwako. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo aje na kitambulisho chake cha msamaha. Asiye nacho aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha aonane na ofisa ustawi wa jamii hospitalini. Dirisha la wazee lipo, usipange foleni ya jumla. Siku ya kupangiwa upasuaji njoo na ndugu wa kuchangia damu, na useme mapema kama unatumia aspirini.

Mkojo ukiziba kabisa na tumbo likavimba, habari ya barua iache. Njoo hata kama ni saa 8 usiku.