Martina Navratilova: mazoezi, saratani na mlima Kilimanjaro

Huyu Navratilova anahusikaje na masuala ya afya?

Alizaliwa Prague mwaka 1956, akahamia Marekani, akatwaa mataji 59 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi), 18 kati yake ya mchezaji mmoja mmoja. Baada ya tenisi akawa balozi wa afya na mazoezi wa AARP, chama cha Wamarekani wenye miaka 50 na zaidi, na amechangisha fedha kwa ajili ya Laureus, mfuko unaosaidia watoto kupitia michezo. Ila watu wengi walimsikiliza zaidi alipoanza kuugua.

Mtu wa mazoezi kiasi hicho alipataje saratani ya matiti?

Mazoezi hupunguza hatari, hayaifuti. Mwaka 2010, akiwa na miaka 53, picha ya mamografia (eksirei ya matiti) ilionyesha seli za saratani ndani ya vifereji vya maziwa, bado hazijatoka nje. Alikuwa amepitisha miaka 4 bila kupima. Alitolewa uvimbe, kisha akapigwa mionzi.

Nikijipapasa sisikii kitu. Nipime ya nini?

Kwa sababu saratani ya hatua hiyo mara nyingi haishikiki kwa vidole. Kwenye picha huonekana kama vichembe vidogo vya chokaa. Titi huwekwa juu ya kibao, likabanwa na kibao kingine kwa sekunde chache. Kwa kawaida kila titi hupigwa picha mbili. Inauma kidogo, hivyo kama bado unapata hedhi, nenda wiki moja baada yake. Siku hiyo usipake deodoranti wala poda, maana chembe zake zinaweza kumchanganya msomaji wa picha akadhani ni chokaa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 50 hadi 69 wapime kila baada ya miaka 2, pale vifaa vilipo. Kwetu mashine nyingi ziko hospitali kubwa za mijini. Aliye mbali aombe mhudumu wa kituo cha afya amkague kwa mikono.

Ni kweli alikwama Kilimanjaro?

Kweli. Desemba 2010, miezi michache baada ya mionzi, alipanda kuchangia Laureus. Kwenye mita 4,500 hivi pumzi ikagoma, akateremshwa na kulazwa Nairobi: mapafu yalikuwa na maji. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana, shinikizo hupanda na maji huvuja. Si saratani iliyomfanyia hivyo. Hata kijana mkimbiaji hupatwa, tena huyo ndiye mwenye haraka. Waongozaji wakikuambia "pole pole" watii. Ukikohoa, ukahema hata umeketi, au ukatema makohozi yenye povu la waridi, shuka saa ileile, hata usiku, na upewe oksijeni. Kilele hakikimbii.

Na saratani ya koo je?

Mwishoni mwa 2022 aligundua tezi iliyovimba shingoni. Ikathibitika saratani ya koo iliyotokana na kirusi cha HPV, na katika vipimo hivyo ikaonekana pia saratani mpya ya titi. Zote zilikuwa hatua za mwanzo, akatibiwa. HPV ndiyo hiyo wasichana wanayochanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Uvimbe wa shingoni ukipita wiki 3, hata kama hauumi na unameza vizuri, muone daktari wa masikio, pua na koo.