Urari umekubali? Haya, kisha?

Wiki hii tena. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kaniletea urari wake, yaani orodha ya salio za hesabu, debiti upande huu na krediti upande ule, kapiga mistari miwili chini ya jumla, uso umemkunjuka: "Mwalimu, pande zote sawa, nimepata." Nikamwuliza kapata nini. Akanitazama kama niliyemnyima salamu.

Debiti na krediti kulingana ni mambo ya Pacioli, yule mtawa wa Italia aliyeandika juu ya uhasibu, yamechapishwa tangu 1494, siyarudii hapa. Lakini ukisahau muamala mzima, urari utakubali. Ukiuandika mara mbili, utakubali. Ukiita gharama mali, utakubali vilevile, tena bila haya.

Hili la mwisho ndilo linalonichoma. Swali lilikuwa la jahazi, hapa hapa Lamu: mwenye chombo kakipandisha ufukweni, katoa 60,000 za kalafati (kuziba nyufa za mbao: pamba, mafuta na ujira wa fundi) na 240,000 za mashine mpya. Karibu darasa zima likaweka 300,000 kwenye mali ya kudumu. Kwa nini? "Zote zimeingia chomboni." Hakuna aliyeuliza kalafati hudumu muda gani, na nusu yao wajomba zao ni mafundi! Kalafati ni matunzo. Chombo kinarudi majini kama kilivyokuwa, basi ni gharama ya mwaka huu. Mashine ni mali kwa IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali za kudumu, lakini ile kuukuu itolewe vitabuni. Wengi waliiacha humo, jahazi likawa na mashine mbili.

Msidhani ni utani wa darasani. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilifanya hivyo hivyo kwa ada za kutumia laini za kampuni nyingine: Juni 2002 ikakiri dola bilioni 3.8 za gharama zilizoitwa mali. Vitabu vilibalansi. Cynthia Cooper na wakaguzi wake wa ndani waliigundua kwa kuuliza hizo mali ni zipi hasa.

Sasa nami nikiri. Mwenye jahazi akibadilisha theluthi ya mbao, je? Kiwango kinaruhusu sehemu iliyobadilishwa kuwa mali, lakini mbao ngapi ndizo "sehemu"? Nimeshageuza jibu langu mara mbili. Na kusahihisha ndiyo balaa: wamegundua napenda hoja, sasa kila jibu linaanza na "inategemea". Muhula uliopita nilimpa mmoja alama zote, na mpaka leo sijui alifikiri au alinisoma mimi.

Yule wa mwaka wa pili karudi jana, kalafati kaiweka kwenye gharama. Nikamwuliza kwa nini.

"Si ulikasirika, Mwalimu?"